Programu Ikibadilika, Nani Anaambiwa?

(Mazungumzo yaliyotolewa mjini Musoma mbele ya wajumbe wa kamati za parokia kutoka Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na wageni wafadhili. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)

Leo nazungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa kijana wa kompyuta, tena baada ya chakula cha mchana, wazee wakiwa wameanza kusinzia. Nitajitahidi msisinzie.

Kwa miaka mingi tumepima maendeleo ya TEHAMA kwa idadi ya kompyuta. Taarifa zetu husema kuwa zahanati fulani imepata kompyuta mbili, ofisi ya parokia imepata moja na mashine ya kuchapia. Mgeni anapiga picha, mama mhasibu anaifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie, na mradi unahesabiwa umekamilika. Lakini ndani ya kompyuta hiyo kuna programu, na programu hazitulii kama meza au kabati. Waliozitengeneza huendelea kuzibadilisha mwaka hadi mwaka. Huongeza kitu, huondoa kingine, huziba tundu ambalo mwizi angeweza kupitia. Na mara nyingine hugundua kuwa programu yao inakosea, hata katika hesabu. Swali langu leo ni hili: wanapoibadilisha, au wanapogundua kosa, huku kwetu nani anaambiwa?

Nieleze maneno machache ili twende pamoja. Programu hutolewa kama kifurushi, na kila kifurushi kina namba ya toleo lake. Kosa lililo ndani ya programu tunaliita hitilafu. Marekebisho yanayotolewa kuziba kosa hilo huitwa kiraka, na neno hilo limekaa mahali pake, kwa sababu kiraka hushonwa palipochanika tu, shati lote halibadilishwi. Maneno mengine tutakutana nayo njiani.

Ndugu zangu, naomba niwapeleke kidogo Uingereza, kisha tutarudi Bunda.

Shirika la posta la Uingereza lilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao Horizon katika matawi yake mwaka 1999 na 2000. Matawi mengi madogo ya huko husimamiwa na watu wa kawaida wa mtaani, wenye duka upande mmoja na dirisha la posta upande wa pili. Jioni mfumo ulikuwa unamwonyesha msimamizi kiasi cha fedha kinachopaswa kuwa kwenye sanduku. Sanduku likionekana kupungua, mkataba ulimbana msimamizi alipe kutoka mfukoni mwake. Wengi walilipa. Wengine waliuza nyumba. Wengine walishitakiwa kwa wizi na kughushi hesabu, wakafungwa. Waliotiwa hatiani katika miaka hiyo ni zaidi ya 900.

Mfumo huo ulikuwa na hitilafu. Desemba 2019 Mahakama Kuu mjini London ilitoa hukumu ndefu iliyozitaja hitilafu hizo moja baada ya nyingine, na Mei 2024 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kufuta hatia hizo kwa mkupuo. Nawapa mfano mmoja. Mwaka 2015, katika tawi la Dalmellington kule Scotland, mfanyakazi alikuwa anahamisha pauni 8,000 kwenda kwenye kituo cha huduma cha nje ya tawi. Skrini haikuondoka alipobonyeza kitufe, akabonyeza tena, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Mfumo ukaandika uhamisho huo mara nne. Kwa karatasi akawa amepungukiwa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwepo. Kosa hilohilo lilikuwa limekwisha tokea katika matawi mengine kwa miaka kadhaa kabla yake.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Waliotengeneza mfumo walikuwa na orodha yao ya hitilafu zinazojulikana. Orodha ilikuwepo! Wasioiona ni wale waliokuwa wakiketi dirishani. Wasimamizi wengi wameeleza kuwa walipopiga simu ya msaada kulalamika, waliambiwa kwamba wao peke yao ndio wenye shida hiyo nchi nzima. Fikirini maneno hayo yanavyomwingia mtu aliyehesabu fedha mara tatu usiku, akiwa na mumewe au mkewe pembeni anamtazama. Taarifa ya mistari mitatu, kwamba hitilafu hii ipo, hutokea hivi, ukiiona usilipe bali piga namba hii, ingezuia mengi.

Sasa turudi nyumbani. Chukueni zahanati ya kijiji kimoja cha Bunda, mbali na barabara kuu ya Mwanza. Keshia wake anajulikana na kila mtu. Ni binti wa fulani, anaimba kwaya, na alipata kazi hiyo kwa kuwa anaaminika. Tuseme programu ya malipo imebadilishwa usiku kwa njia ya intaneti, na toleo jipya linahesabu ada ya kadi mara mbili mgonjwa akirudi siku ileile. Jumamosi jioni hesabu ya kompyuta inadai fedha nyingi kuliko zilizo kwenye droo. Kamati inaitwa. Mwenyekiti wa kamati ni mkulima mwenye busara, lakini mbele yake kuna karatasi iliyochapwa na mashine, na kuna binti anayelia. Kwa hulka yetu, karatasi iliyochapwa huaminiwa. Je, ni nani katika chumba hicho anayejua kwamba toleo lilibadilika juzi?

Ninawauliza wajumbe kwa sababu ninyi ndio mtakaokaa katika chumba hicho.

Wapo watu walioliona tatizo hili mapema na kulitafutia utaratibu, na utaratibu wao hauna siri. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha mradi uitwao Debian, unaokusanya programu huria za kompyuta. Leo una maelfu kwa maelfu ya vifurushi, na kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea walioenea duniani. Mwaka 1997 waliandika ahadi yao kwa jamii, na moja ya ahadi hizo ni kwamba hawataficha matatizo, na kumbukumbu zao zote za hitilafu zitakuwa wazi kwa mtu yeyote wakati wote. Ninaiona kuwa ahadi nzito. Ni makampuni machache ya kuuza dawa, au hata ya kuuza mbegu, yanayothubutu kusema hivyo.

Utaratibu wao unakwenda hivi. Kila kifurushi kina mtunzaji wake anayejulikana. Mtu yeyote akiona kosa anaandika barua pepe, kosa linapewa namba na daraja la uzito, kuanzia jambo la kutamani tu mpaka jambo la hatari. Mtunzaji anaarifiwa. Kosa likirekebishwa na kufungwa, yule aliyeripoti anaandikiwa kwamba namba yako fulani imefungwa. Aidha, mtu asiye mtunzaji lakini anayekitegemea kifurushi fulani anaweza kujiandikisha kwa kifurushi hicho tu. Toleo jipya likipokelewa, hitilafu ikiripotiwa au ikifungwa, anapata taarifa. Anaweza hata kuchagua aina za taarifa anazozitaka, asije akafurikiwa na asizozihitaji.

Mtaniuliza, sisi wa Mara tunahusika vipi na hao? Tunahusika kwa sababu kanuni yao inaweza kufanya kazi hata kwa daftari na simu ya tochi. Hakuna anayeambiwa kila kitu, na anayehusika hasahauliki. Aliyeripoti naye anajibiwa. Hilo la mwisho ndilo tunalolikosa sana. Karani wetu akipiga simu kusema programu inakwama, anaambiwa sawa tutaangalia, halafu kimya. Baada ya mara tatu anaacha kupiga, anatafuta njia yake ya panya ya kuzunguka tatizo, na hiyo njia ya panya ndiyo inayokuja kuharibu takwimu za robo mwaka.

Lakini nisiwadanganye kwamba kutoa taarifa kunatosha. Hapo napo Uingereza inatufundisha. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa katika Windows. Ofisi iliyosimamia kompyuta za huduma ya afya ya Uingereza iliwaandikia wahusika kuwataka waweke kiraka hicho, ikatoa onyo mwezi Machi, ikarudia Aprili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu lilelile. Mamlaka za hospitali zisizopungua 80 kati ya 236 za England ziliathirika, na kliniki za madaktari wa mtaani 595 ziliambukizwa. Wagonjwa walirudishwa nyumbani, miadi ikafutwa kwa maelfu. Mkaguzi wa Hesabu wa nchi ile alipochunguza alikuta kwamba wizara haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua kama hospitali zimelifanyia kazi onyo zilizopelekewa. Barua zilikwenda, lakini hapakuwa na aliyezihesabu majibu. Sisi wenyewe tunalijua hilo, maana ni mara ngapi tangazo limesomwa Jumapili na Jumatatu hakuna aliyelikumbuka?

Hali yetu ya hapa ikoje? Hatuanzi sifuri. Wengine mnakumbuka kwamba miaka ya 2000 Bunda na Serengeti zilichaguliwa kwa mradi wa majaribio ulioitwa ICT4RD, ulioshirikisha COSTECH na Chuo Kikuu cha KTH cha Stockholm, ambao ulitumia nyaya za mawasiliano za TANESCO kufikisha mtandao vijijini. Watafiti wa mradi huo waliandika sana kuhusu uendelevu, yaani nani atatunza mitambo na nani atalipa, mfadhili akishaondoka. Swali hilo bado ni bichi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, mwaka 2004, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, na hivyo kuonyesha kwamba mambo haya yanaweza kuelezwa kwa lugha ambayo mama mhasibu haihitaji kamusi kuielewa.

Siku hizi zahanati na vituo vinakutana na mifumo mingi. Ipo GoTHOMIS ya kuendesha shughuli za kituo cha afya, imekuwapo FFARS ya hesabu za vituo vya kutolea huduma, na takwimu za afya zinapelekwa kwa DHIS2, ambayo msingi wake hutengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na nchi nyingi. Juu ya hiyo kuna programu ndogondogo ambazo kila ofisi imenunua au imepewa. Yote hiyo hubadilika. Kwa upande wa usalama, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kikosi cha kitaifa, TZ-CERT, kilicho chini ya TCRA, ambacho hutoa tahadhari kuhusu udhaifu wa programu. Tahadhari zipo. Lakini kati ya tahadhari hiyo kutolewa Dar es Salaam na keshia wa Butiama kuielewa, kuna safari, na safari hiyo haina mtu aliyekabidhiwa.

Kuna jambo moja la haraka ambalo ni lazima niliseme mbele ya wafadhili, kwa heshima zote. Kompyuta nyingi tunazopokea zimetumika kwanza ofisini Ulaya. Tunashukuru, na tutaendelea kushukuru. Ila ikumbukwe kwamba Windows XP iliacha kupewa viraka Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tarehe hizo zote zilitangazwa mapema. Kampuni huko Ulaya iliyoambiwa hubadilisha mashine zake, na zile za zamani hupakiwa kwenye kontena. Kwa hiyo inawezekana kabisa kompyuta ikaletwa kwetu kwa sababu ya taarifa ambayo sisi hatukuipata. Naomba kila shehena ije na karatasi inayosema ndani kuna toleo gani na viraka vyake vinakoma lini. Kama vinakoma, basi tukubaliane mapema kama tutaweka mfumo huria au mashine hiyo itatumika kuandikia barua tu, bila intaneti na bila majina ya wagonjwa.

Tunapendekeza nini? Kwanza daftari. Naam, daftari la kaunta, la karatasi. Kila parokia yenye kompyuta iandike humo jina la programu, namba ya toleo, aliyeileta, simu yake, tarehe ya mabadiliko ya mwisho, na majina ya watu wawili wa kuarifiwa. Nasema wawili kwa sababu mmoja atahamishwa, ataolewa Tarime, au atakuwa shambani msimu wa mvua. Na kati ya hao wawili, mmoja awe ni yule anayeitumia programu hiyo kila siku. Sioni faida ya kumwarifu mwenyekiti peke yake. Mwenyekiti anaarifiwa ili ajue, keshia anaarifiwa ili afanye.

Mikataba nayo iangaliwe. Anayetuuzia au kutupa programu aandike kwamba hataibadilisha bila kutujulisha kabla, kwamba atatupa orodha ya hitilafu anazozijua, na kwamba kosa lolote linalogusa fedha au dawa atatuambia siku hiyohiyo anayoligundua. Akikataa kuandika hivyo, ni heri tukae na stakabadhi za mkono. Najua wapo watakaoona ni ukali. Mimi naona ukali uko kwa yule anayemwacha binti wa watu ajitetee dhidi ya mashine.

Ofisi yetu hapa Musoma itakuwa kituo cha kupokea. Taarifa zinazotoka kwa watengenezaji na TZ-CERT nyingi ni za Kiingereza kigumu, na tisa kati ya kumi hazituhusu. Kazi yetu itakuwa kuchambua, kuchukua ile inayohusu programu iliyo kwenye daftari la parokia fulani, na kuipeleka kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiswahili cha kueleweka. Mfano wa ujumbe tunaoufikiria ni huu: “Programu ya malipo imewekewa toleo jipya jana usiku. Ada ya kadi haijiandiki yenyewe tena, keshia aiandike kwa kila mgonjwa. Stakabadhi za leo asubuhi zikaguliwe. Jibu NIMEPATA.” Unasema kilichobadilika, kinamhusu nani, na afanye nini leo. Asiyejibu NIMEPATA hadi jioni atapigiwa simu. Akikosekana, anapigiwa yule wa pili. Kwa parokia za Butiama zilizo mahali ambapo mtandao unapatikana ukipanda kilimani, tutakubaliana saa maalumu.

Na taarifa itoke pia kwenu kuja kwetu. Mtu akiona kosa, aandike kwenye daftari alichokuwa anafanya, alichotegemea kuona, alichokiona, na saa. Asiandike “kompyuta mbovu” halafu basi. Tutaipa namba, tutaipeleka kwa mtengenezaji, na tutamrudishia jibu mwenyewe, hata kama jibu ni kwamba mtengenezaji bado hajajibu. Parokia mbili zikileta kosa lilelile, tutaziambia zote mbili kwamba haziko peke yake.

Hapo kuna gharama. Kuna vocha za ujumbe, kuna bando la kupakua viraka, ambalo si dogo, na kuna saa za mtu wa kuchambua. Kwa kawaida maombi ya miradi yana mstari wa kununua vifaa na mstari wa mafunzo ya siku tatu. Tunaomba wafadhili wetu wakubali mstari wa tatu, wa kutunza programu kwa muda wote ambao vifaa vinatarajiwa kutumika. Ni mstari usiopigwa picha, nakiri, maana huwezi kukata utepe wa kiraka. Lakini kama fedha hazitoshi, binafsi ningechagua kompyuta nne zenye mstari huo kuliko tano zisizo nao, na ningependa kamati zije kwenye kikao na msimamo wao juu ya hilo kabla bajeti haijafungwa.

Jambo la mwisho linahusu kamati peke yake. Hadi utaratibu huu ukae sawa, tunaomba kamati yoyote inayoletewa upungufu uliotolewa na programu isimtoze mtumishi, wala isimsimamishe, kabla ya kuuliza toleo lilibadilika lini na kama kuna mwingine aliyepata upungufu wa namna hiyo. Stakabadhi za mkono zihesabiwe kwanza. Atakayeonekana ameiba kweli, sheria ipo. Lakini maswali hayo mawili yaulizwe na majibu yake yaandikwe kwenye muhtasari.

Daftari ziko mezani kwa Katibu, moja kwa kila parokia, na zimekwisha pigiwa mistari. Wajumbe wa Butiama naomba mwanze kuchukua, kwa sababu gari lenu linaondoka saa tisa. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.